Nani Atalipa Deni? Wapenzi Wenye Maduka katika Hadithi za Miji Midogo

UTANGULIZI

Katika makala haya ninakusudia kueleza aina moja ya hadithi za mapenzi ambayo wengi wetu tumeisoma au kuitazama, wachache tunakiri hivyo, na wahakiki karibu wote huipita kama mtu mzima apitavyo banda la chipsi akiwa na wakwe. Ni hadithi ya wafanyabiashara wadogo wawili katika mji mdogo. Mmoja ana mkahawa, nyumba ya wageni au duka la vitabu. Mwingine ana karakana, shamba, au duka lililo mkabala na la mwenzake. Biashara haziendi. Wawili hao wanaanza kwa kugombana, wanaishia kupendana, na mahali fulani katikati benki inadai pesa zake.

Ukiuliza kwa nini hadithi hizi hazihakikiwi, utajibiwa haraka: "Ah, hizo ni riwaya pendwa bwana, mapenzi na machozi tu, dhamira hamna." Jibu hilo halitoshi. Hoja yangu ni kwamba katika hadithi hizi duka si mandhari ya kupambia mapenzi. Duka ni mizani ambayo pendo lenyewe hupimwa kwayo. Na mwandishi naye apimwe kwa swali moja tu: mwisho wa hadithi, deni linalipwa na nani? Akiliachia pendo lilipe deni kwa miujiza, ametulaghai. Akituonyesha watu wakipendana huku deni liko pale pale, wanalifanyia kazi, basi ametueleza jambo la kweli kuhusu maisha yetu sisi wenye vipato vya kuungaunga.

Ili hoja isibaki hewani nitaanza na kanuni za utanzu huu, kisha nitaeleza kazi ya duka katika msuko. Baada ya hapo nitachambua riwaya mbili za Uingereza na filamu moja ya Marekani, halafu nitarudi nyumbani kuuliza kwa nini sisi tumechelewa kuiandika hadithi hii.

KANUNI ZA UTANZU

Hadithi hizi zina viwanda vyake. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908. Harlequin ilianzishwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1949, na mwaka 1971 ikainunua Mills & Boon. Vile vitabu vidogo vyenye wapenzi waliokumbatiana jaladani, ambavyo tumevikuta vimepangwa chini kwa wauza vitabu vya mitumba, vingi vimetoka huko.

Mhakiki wa Kimarekani Pamela Regis, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu riwaya ya mapenzi, anataja vipengele vinane vya lazima. Jamii inaelezwa ilivyo. Wapenzi wanakutana. Kuna kizuizi. Kuna mvuto. Kuna tamko la pendo. Kuna wakati ambapo matumaini yote yanaonekana kufa. Kuna utambuzi unaoondoa kizuizi. Mwisho kuna uchumba. Chukua riwaya yoyote ya jamii hii uikague kwa orodha hiyo, utaona inavyokaa.

Lakini kabla yake, mwaka 1984, Janice Radway alikuwa amefanya jambo ambalo wahakiki hatulifanyi mara nyingi: aliwaendea wasomaji wenyewe. Wanawake wa mji mmoja wa katikati ya Marekani walimweleza kwamba kitendo chenyewe cha kushika kitabu kilikuwa namna ya kujipatia saa moja ya peke yao, mbali na mume, watoto na masufuria. Kwa hiyo anayewacheka wasomaji hawa ajiulize kwanza kama amewahi kuitafuta saa moja ya namna hiyo akaikosa.

Sasa, ndani ya utanzu huu mpana limo tawi la mji mdogo. Mfano mmojawapo ni riwaya za Debbie Macomber kuhusu Cedar Cove, mji wa kubuni katika jimbo la Washington. Ya kwanza, 16 Lighthouse Road, ilitoka mwaka 2001, na kuanzia 2013 hadi 2015 masimulizi hayo yalikuwa tamthilia ya televisheni. Katika The Inn at Rose Harbor ya mwaka 2012, mjane ambaye mumewe amekufa vitani Afghanistan ananunua nyumba ya wageni katika mji huo huo. Angalia alivyofanya mwandishi: mjane huyu hatafuti mwanamume kwanza. Anatafuta biashara. Nyumba ya wageni ndiyo inayomrudisha kati ya watu, na fundi anayekuja kuitengeneza anaingia kwa mlango huo huo wa kazi.

KWA NINI LAZIMA LIWE DUKA?

Hebu tuijadili fani kidogo. Mtunzi wa hadithi ya mapenzi ana matatizo matatu ya kiufundi, na duka linayatatua yote.

Tatizo la kwanza ni kuwakutanisha wapenzi. Watu wanaochukiana hawatembeleani. Lakini duka ni mahali ambapo mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfungia mtu mlango. Adui akija na pesa yake kutaka kiberiti, utamuuzia. Kaunta inawatenganisha wapenzi kwa nusu mita na wakati huo huo inawalazimisha kusemezana.

Tatizo la pili ni muda. Pendo halina tarehe ya mwisho, deni linayo. Benki ikisema "hadi mwisho wa mwezi," msuko umepata saa ya ukutani. Kila ukurasa msomaji anasikia mlio wake.

Tatizo la tatu, ambalo ndilo zito, ni kumfahamu mtu. Maneno ya mapenzi ni rahisi, kila mtu anayo. Mwenendo wa mtu katika pesa ni kitu kingine. Mimi nimelelewa nyuma ya kaunta ya duka la rejareja, na naweza kusema kwamba daftari la madeni linamjua mtu kuliko shehe au padri wake. Linamjua anayekopa sukari robo na kulipa bila kukumbushwa, na linamjua anayebadilisha njia ya kwenda kazini ili asipite mbele ya duka. Linamjua pia mwenye duka: nani anamwongezea mkopo mama mwenye mgonjwa, na nani anamkatalia mbele za watu. Mwandishi akitaka kutuonyesha moyo wa mhusika bila kupiga soga, atuonyeshe namna anavyodai na anavyodaiwa.

Yapo pia maelezo ya kijamii. Mwenye duka dogo yuko katikati. Si mfanyakazi wa mshahara, si tajiri. Wale walimu wetu wa zamani wangemwita kibwanyenye, mtu anayeota kupanda juu huku kila usiku akiogopa kuporomoka. Hofu hiyo ndiyo chakula cha hadithi hizi. Duka la kwanza la Walmart lilifunguliwa Rogers, Arkansas, mwaka 1962, na katika miongo iliyofuata maduka makubwa ya namna hiyo yaliishika biashara ya miji midogo mingi ya Marekani. Haishangazi basi kwamba Wamarekani wanapenda kusoma kuhusu barabara kuu ya mji ambayo kila duka bado lina mwenyewe na mwenyewe bado ana jina. Wanasoma kuhusu kitu ambacho wengi wao wamekiona kikifungwa.

HARDY: MPENZI ANAYEPIGA HESABU

Mizizi ya hadithi hii ni mirefu kuliko maduka ya Marekani. Mfano wangu wa kwanza ni Far from the Madding Crowd ya Thomas Hardy, iliyotoka mwaka 1874. Biashara hapa ni mashamba na mifugo katika vijiji vya kusini magharibi mwa Uingereza, lakini mfumo ni ule ule.

Gabriel Oak ni mchungaji aliyejitahidi hadi akaanzisha ufugaji wake mwenyewe. Kondoo amewapata kwa mkopo. Anampenda Bathsheba Everdene, msichana asiye na kitu, anamposa, anakataliwa. Kisha usiku mmoja mbwa wake mchanga, kwa bidii isiyo na akili, anawafukuza kondoo hadi ukingoni mwa shimo. Majike 200 yenye mimba yanaanguka na kufa. Hawakuwa na bima. Gabriel anauza kila alicho nacho, analipa deni lote, anabaki na nguo alizovaa. Wakati huo huo Bathsheba anarithi shamba la mjomba wake. Aliyemkataa sasa ni tajiri wake, na yeye ni mchungaji wa kuajiriwa.

Hardy hamfanyi Bathsheba kuwa pambo. Anamfukuza msimamizi mwizi, anawalipa vibarua kwa mkono wake, anakwenda soko la nafaka la Casterbridge peke yake kati ya wanaume. Wanaume watatu wanamtaka, na kila mmoja anapimwa kwa shamba. Sajini Troy ni mzuri wa sura na upanga, lakini akishamwoa fedha za shamba anazipeleka kwenye mbio za farasi. Boldwood, jirani tajiri, anapagawa na pendo hadi anaacha mavuno yake yaharibiwe na mvua. Gabriel ndiye pekee ambaye kumpenda Bathsheba na kuitazama mali ya Bathsheba ni kitendo kimoja.

Tazama usiku wa tufani. Troy amewanywesha vibarua wote brandi, wamelala. Malundo matano ya ngano na matatu ya shayiri yako wazi. Kabla ya kupanda juu kuyafunika, Gabriel anapiga hesabu kichwani: mali iliyo hatarini ni pauni 750. Jamani, ni riwaya ngapi za mapenzi zinazomfanya shujaa wake apige hesabu ya nafaka kabla ya tendo lake kubwa la pendo? Halafu Bathsheba mwenyewe anatoka gizani kumsaidia, radi zikipiga, mmoja juu ya lundo, mwingine akimpandishia miganda. Hawabusiani, na hakuna tamko. Lakini msomaji mwenye macho anajua kwamba ndoa ya kweli ya riwaya hii imefungwa usiku ule, japo mume wa halali yuko ghalani amelewa.

Kuna jambo la sheria ambalo msomaji wa leo asipolijua atapoteza nusu ya uzito wa kitabu. Kwa sheria ya kale ya Uingereza, mwanamke akiolewa mali yake inayohamishika iliingia mikononi mwa mume. Sheria ya mwaka 1870 ilimwachia mke kipato cha jasho lake na vitu vichache vingine. Ni ile ya mwaka 1882 tu iliyompa haki kamili ya kumiliki mali yake. Kwa hiyo Bathsheba anapomchagua Troy, hachagui tu nani wa kulala naye. Anachagua nani atashika ufunguo wa sanduku la pesa. Anayeiita riwaya hii "ya mapenzi tu" hajaliona sanduku hilo.

Na deni? Hardy hamkomboi Gabriel kwa urithi wa ghafla. Anapanda pole pole: mchungaji, msimamizi, kisha mwenye fungu katika faida ya shamba la jirani. Wanapooana mwishoni, kwa siri na bila makeke, ni wenzi wa kazi waliokwisha kuonana katika hasara. Hapa mwandishi amefaulu.

WELLS: DUKA LINALOUA PENDO

Mfano wa pili unageuza mambo chini juu. The History of Mr Polly ya H. G. Wells ilitoka mwaka 1910. Wells aliyajua maduka kwa uchungu: baba yake alikuwa na duka la vyombo vya udongo na vifaa vya kriketi huko Bromley ambalo halikupata kushamiri, na yeye mwenyewe, akiwa kijana, aliwekwa kujifunza kazi katika duka la nguo.

Polly anapata urithi mdogo kwa kifo cha baba yake. Watu wanamwambia afungue duka. Mwenye duka anahitaji mke. Basi anaoa Miriam, binti wa shangazi yake, na kufungua duka la nguo za kiume katika mji mdogo wa Fishbourne. Ona mpangilio: ndoa na duka vimeingiwa kwa sababu ile ile, yaani kwamba ndivyo watu wafanyavyo. Miaka kumi na mitano inapita. Wateja hawaji, tumbo halisagi, mke hacheki, na Polly hasalimiani na karibu jirani yeyote katika mtaa wake wa maduka. Wells anatuonyesha kwa nini majirani hawa wananuniana: wote wanafilisika, na kila mmoja anamwona mwenzake kama kioo.

Ndipo Polly anapanga kuchoma duka na kujikata koo, ili Miriam apate fedha za bima. Moto unashika, kujiua kunasahaulika katika purukushani, na Polly anajikuta akimwokoa bikizee wa jirani juu ya paa. Mji unamfanya shujaa. Na hapa ndipo kejeli ya Wells inapong'ata: majirani walioteketezewa maduka hawaombolezi. Wanakaa pamoja usiku ule wakiwa na furaha wasiyoweza kuificha vizuri, maana bima italipa. Kumbe moto ndiye mteja pekee aliyewahi kuja na fedha za kutosha!

Polly anaondoka kimya kimya, anatangatanga, anafika kwenye nyumba ya wageni iitwayo Potwell Inn, kando ya mto. Mwenyewe ni mwanamke mnene, mkarimu, anayesumbuliwa na mpwa wake mhuni. Polly anaajiriwa kwa kazi ndogo ndogo na analazimika kupigana na mhuni huyo, yeye aliyekuwa mwoga maisha yake yote. Upendo unaoota pale si wa kukumbatiana mwezini. Ni wa watu wawili wanaokaa jioni wakitazama maji baada ya kuosha vyombo. Miaka mitano baadaye anarudi kumchungulia Miriam, akakuta amefungua mgahawa wa chai pamoja na dada yake. Anaishi, na anaonekana kuendesha vizuri zaidi bila yeye.

Wako watakaosema Wells ametorosha mhusika wake badala ya kutatua mgogoro. Kuna ukweli hapo: mke anaachwa bila kuulizwa, na mwandishi anamchekesha msomaji ili asimwulize swali hilo. Hapo Wells hakufaulu. Lakini amefaulu kusema jambo ambalo hadithi za viwandani hazithubutu kulisema, kwamba ziko biashara ambazo kuzifunga ndiko kupona, na ziko ndoa zilizojengwa kama tawi la biashara, nazo hufilisika pamoja na makao makuu.

FILAMU YA MWAKA 1998: DUKA LINAFUNGWA, PENDO LINAFUNGULIWA

Mfano wa tatu hautoki mji mdogo, bali mtaa wa New York unaoishi kama mji mdogo, ambapo mwenye duka anawajua watoto wa wateja kwa majina. Ni filamu ya Nora Ephron, You've Got Mail. Asili yake ni tamthiliya ya Mhungaria Miklós László ya mwaka 1937, ambayo Ernst Lubitsch aliifanyia filamu mwaka 1940. Katika matoleo ya mwanzo wapenzi ni waajiriwa wa duka moja, wanagombana mchana na usiku wanaandikiana barua bila kujuana. Ephron amefanya badiliko moja kubwa: amewapa mali. Kathleen anamiliki duka dogo la vitabu vya watoto alilorithi kwa mama yake. Joe ni wa ukoo wenye maduka makubwa ya vitabu, na anafungua moja karibu na hapo. Wanaandikiana barua pepe kwa majina ya kubuni.

Kwa kanuni za utanzu tungetarajia duka liokolewe. Haliokolewi. Kathleen anapigana, anapata huruma ya magazeti, wateja wanamwambia pole kisha wanakwenda kununua kwa bei nafuu. Anafunga. Rafu zinabaki tupu. Na mwishoni anampenda mtu yule yule aliyemfungisha.

Filamu hii inagawa watazamaji. Wengine hufuta machozi ya furaha. Wengine, na mimi nimo, hubaki na jambo kooni. Filamu ina ujasiri wa kulifunga duka, kisha inaogopa kutuonyesha gharama. Wale wafanyakazi wa Kathleen wanapata pa kwenda kirahisi mno, na Joe haombwi kulipa chochote isipokuwa kuwa mpole. Katika lugha ya daftari la madeni, deni halikulipwa. Ukurasa umechanwa tu.

Historia yenyewe imeongeza tanbihi kali. Amazon ilikuwa imeanza kuuza vitabu mwaka 1995, miaka mitatu kabla ya filamu. Mwaka 2011 Borders, mojawapo ya makampuni makubwa ya maduka ya vitabu ya Marekani, ilifunga maduka yake. Papa aliyemmeza dagaa naye alimezwa. Ukiitazama filamu leo unamwona Joe ametulia katika jengo lake kubwa, hajui kwamba ile kompyuta anayoandikia barua za mapenzi ndiyo itakayomla.

NA KWETU JE?

Sasa tujiulize: kwa nini fasihi yetu ya Kiswahili, iliyojaa mapenzi na iliyojaa maduka, imekuwa na shida ya kumfanya mwenye duka apendwe?

Sababu moja naiona katika historia. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, mfanyabiashara Tanzania alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili yachukuliwe na maduka ya kijiji. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na watu wakaogopa kuonekana na katoni ya sabuni. Katika hali ile mhusika mwenye duka aliingia hadithini akiwa tayari amevishwa kitambi na jina la mlanguzi. Nani angempenda?

Hata nje ya siasa za wakati ule, heshima ilikuwa ya jembe. Katika Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, shujaa anaiacha kazi yake kwa tajiri mfanyabiashara na kwenda kulima. Katika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, Yasmin anaozwa akiwa binti mdogo kwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye umri wa kumzaa. Pendo lake linamwelekea Denge, mpigania uhuru asiye na duka wala akiba. Sisemi waandishi hawa wamekosea. Shafi anaandika kuhusu Unguja ya ukoloni, na mizani yake ni uhuru. Ninachosema ni kwamba katika mpangilio huo biashara imewekwa upande wa kizuizi, na moyo upande wa pili.

Lakini jamii imebadilika. Baada ya mageuzi ya kiuchumi ya miaka ya 1980 na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, kila mtu ni mfanyabiashara, hata mwalimu, hata karani, hata mwanafunzi anayeuza vocha bwenini. Nenda mji wowote mdogo ulio kando ya barabara kuu, Makambako au Korogwe. Mtaa mmoja una genge, saluni, fundi cherehani, duka la dawa baridi, mama ntilie, na wakala wa pesa za simu ndani ya kibanda kisichozidi mlango. Wengi wao wana marejesho ya kila wiki. Ile mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza jina la kausha damu inavunja nyumba. Mke anakopa kwa siri, mume anajua siku wakopeshaji wanapokuja kubeba kochi na televisheni. Jamani, mgogoro gani wa kifasihi unaouzidi huo? Tamko la pendo kwa mtu wa aina hii si "nakupenda." Ni "nina deni, nalo ni kiasi hiki."

Na sanduku la Bathsheba lipo hapa pia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali yake kama mume. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini kati ya sheria na kaunta kuna masafa. Mwanamke aliyeinua genge lake peke yake akiolewa na mwenye duka la jirani, biashara zikaunganishwa, leseni ikaandikwa jina la nani? Mwandishi anayeweza kulibeba swali hilo katika hadithi nyepesi ya kusomwa ndani ya basi, bila kuhubiri, atakuwa amewafanyia wasomaji kazi ambayo semina kumi haziwezi.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha kwamba hadithi ya wapenzi wenye maduka ina kanuni zake, na kwamba kiini chake ni deni. Hardy analilipa kwa kazi ya miaka. Wells analichoma moto, na anasahau kumuuliza mke. Ephron anauchana ukurasa. Hadithi nyingi za viwandani hulipa kwa miujiza: mteja tajiri, shindano la kuoka keki, umati wa wananchi wema usiku wa mwisho.

Kwa wahakiki wenzangu ombi langu ni dogo. Ukipewa riwaya ya namna hii usianze kwa kuuliza ina mabusu mangapi. Fungua daftari la mhusika: anamdai nani, anadaiwa na nani, leseni ina jina gani, na nani anaamka alfajiri kufungua mlango. Kwa waandishi chipukizi, mji mdogo wa kwetu wenye genge, saluni na kibanda cha wakala bado unasubiri riwaya yake. Wasomaji wapo. Wamekaa nyuma ya kaunta zao saa hizi za mchana ambapo wateja ni wachache, na wanatafuta kitu cha kusoma.